Karatasi ya maabara imejaa herufi R. Je, nichome sindano kali?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Gungu hapa Kigoma, na nauza mawese na dagaa sokoni Mwanga. Nakuandikia nikiwa na karatasi ya majibu ya maabara na paketi ya vidonge ambayo sijaifungua, kwa sababu kila ninayemuuliza ananiambia lake.

Shida ilianza mwaka jana. Mkojo ukawa unachoma, nakwenda chooni kila mara na kinachotoka ni matone. Nilikwenda duka la dawa mtaani, kijana akanipa sipro (siprofloksasini). Hela niliyokuwa nayo ilitosha nusu dozi, akachukua mkasi akanikatia nusu ya karatasi ya vidonge. Kesho yake nikawa mzima, nikarudi kwenye biashara. Haikupita muda mrefu ikaanza tena. Nikarudi palepale, akanipa sipro nyingine akaongeza Flagyl. Ilipojirudia, dada yangu wa Kasulu akanigawia amoksilini zilizobaki mtoto wake alipopona kifua. Nina kopo la Blue Band jikoni, humo ndimo tunamoweka dawa zote zinazobaki, na nakiri nimelichovya mara nyingi.

Nilipozidiwa nilikwenda zahanati moja ya binafsi. Walipima mkojo kwa dakika chache, wakasema UTI imeshaingia kwenye damu, wakanichoma sindano za seftriaksoni. Nikapata nafuu kabisa. Sasa imerudi tena.

Safari hii nilimwona daktari mwingine. Hakunipa antibayotiki siku hiyo, alisema mkojo uoteshwe kwanza, nami nilirudi nyumbani nimeudhika. Majibu yalipotoka karatasi imeandikwa Escherichia coli, kisha orodha ya dawa: ampisilini R, kotrimoksazoli R, siprofloksasini R, seftriaksoni R, jentamaisini S, nitrofurantoini S. Akaniandikia nitrofurantoini ya siku tano. Nilipoulizia bei nikashangaa ni ndogo. Kijana wa dukani alipoiona karatasi akasema hiyo ni UTI sugu, vidonge hivyo ni vyepesi, nirudie sindano za seftriaksoni lakini mara mbili ya zile za kwanza. Mama mkwe anataka ninywe mizizi. Baba watoto anavua dagaa, na tangu asikie kuwa ugonjwa haukubali dawa amekuwa akininunia, amesikia kwa wenzake mwaloni kwamba UTI isiyopona ni ya zinaa.

Naomba unisaidie. Mwili wangu umeshazoea dawa? R zote hizo maana yake ndiyo basi? Na mume wangu naye atibiwe? Homa sina, ila chini ya kitovu panauma. Siku zangu nazo zimechelewa, nadhani ni kwa sababu ya madawa haya.

Mama Wawili, Gungu, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo inayotakiwa kushughulikiwa kwanza. Dawa ulizozitaja hazina kawaida ya kuchelewesha hedhi. Kinachochelewesha hedhi kwa mwanamke aliye na mume ni mimba mpaka kipimo kikatae, na mimba yenyewe humpeleka mtu chooni mara kwa mara. Kesho asubuhi, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, pima. Ukikuta una mimba, rudi siku hiyohiyo kwa daktari aliyekuandikia, kwa kuwa huenda aliandika bila kujua. Nitrofurantoini hutumiwa na wajawazito, lakini katika miezi mitatu ya kwanza na katika wiki za mwisho karibu na kujifungua daktari huitafakari upya. Usije ukakaa bila tiba kwa kuogopa. Kwa mjamzito maambukizi ya mkojo hupanda kwenye figo kwa wepesi, na yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Pia mjamzito akimaliza dozi mkojo wake huoteshwa tena, hata kama hasikii maumivu yoyote.

Kama huna mimba, fungua hiyo paketi uanze kesho hiyohiyo.

Najua kijana wa dukani amekutia wasiwasi, kwa hiyo nikueleze ile karatasi ilipatikanaje. Mtaalamu wa maabara alichukua tone la mkojo wako akalipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, akaiweka kwenye kabati la joto la nyuzi 35 hivi mpaka kesho yake. Bakteria wakaota, wakaonekana kwa macho kama vidoa. Akawachukua hao, akawasambaza kwenye sahani nyingine, juu yake akapanga vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake, akarudisha kabatini. Siku iliyofuata alichungulia. Pale penye dawa inayowaua, kikaratasi kimezungukwa na uwazi msafi ambao hakuna kilichoota. Pale penye dawa wasiyoijali, wameota mpaka ukingoni mwa kikaratasi. Akachukua rula, akapima upana wa kila uwazi kwa milimita na kulinganisha na jedwali. S ni dawa iliyowaweza. R ni dawa waliyoishinda. Hao walikuwa bakteria waliotoka kwenye kibofu chako wewe, siyo wa mgonjwa wa kitabuni. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu, na ndiyo sababu daktari hakukupa antibayotiki siku ile. Alikutendea haki, mwanangu.

Sasa tazama tena mstari wa seftriaksoni. Ni R. Yaelekea bakteria wako wanatengeneza kimeng'enya, yaani kemikali yao wenyewe, kinachoivunja dawa hiyo na nyingi za ukoo wake kabla haijafanya kazi. Ukichomwa mara mbili ya zile za kwanza, utakuwa umelipia maumivu ya sindano. Nafuu uliyoipata zahanati yaweza kuwa wakati ule bakteria walikuwa wengine, au mwili wako wenyewe ulipigana, jambo linalotokea mara nyingi kwa maambukizi ya kibofu. Ninachojua kwa hakika ni kwamba bakteria waliomo leo hawaiogopi.

Hili la dawa kali na dawa nyepesi linaniumiza moyo, kwa sababu limewafanya watu wengi wadharau tiba iliyo sahihi. Dawa haipimwi kwa bei wala kwa kuwa ni sindano. Nitrofurantoini iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1953, na mpaka leo, miaka zaidi ya 70 baadaye, sehemu kubwa ya E. coli (hao Escherichia coli wa kwenye karatasi yako) wanaotoka kwenye mkojo bado wanakufa kwayo. Sababu ni mbili. Ukiimeza, mwili huikusanya kwenye mkojo, hivyo inafika palepale penye ugonjwa. Tena inawashambulia bakteria sehemu kadhaa kwa mpigo, na bakteria hawapati kwa urahisi mabadiliko ya kuwakinga kote. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezigawa antibayotiki kwenye makundi matatu: za kuanza nazo, za kutumia kwa tahadhari, na za akiba kwa wagonjwa walioshindikana. Nitrofurantoini imo kwenye kundi la kwanza. Sipro na seftriaksoni, zile ulizopewa kama mtu anayenunua sukari, zimo kwenye kundi la tahadhari.

Utaniuliza kwa nini si jentamaisini, nayo ni S. Hiyo ni sindano inayoweza kudhuru figo na masikio, inataka uangalizi. Kwa maambukizi ya kibofu bila homa, daktari wako amechagua vizuri.

Nitrofurantoini imeze pamoja na chakula, la sivyo itakutibua tumbo. Mkojo unaweza kugeuka njano iliyokolea au hata kahawia, na wengi hapo hushtuka wakaacha dozi. Usishtuke, ni rangi ya dawa. Vile vidonge vya kutafuna vya magnesiamu ambavyo watu humeza tumbo likiwaka, viache mpaka umalize dozi, kwa kuwa vinaizuia dawa isiingie mwilini vizuri. Kama umewahi kuambiwa una tatizo la figo au upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), mwambie daktari kabla ya kuanza. Kisha umalize siku zote tano, hata ukipona siku ya pili. Zikipita siku mbili kamili bila nafuu yoyote, rudi kwake.

Umeniuliza kama mwili wako umezoea dawa. Mwili wako hauna kosa, waliobadilika ni bakteria. E. coli makazi yake ni utumbo, na wengi wao hawana madhara kabisa wakiwa huko. Kila ulipomeza antibayotiki, iwe ya mkojo au ya kifua, dawa ilipita hadi utumboni ikaua wale dhaifu na kuwaachia nafasi wale wachache walioweza kuistahimili. Mahali penye chakula na joto zuri E. coli hugawanyika kila dakika 20 hivi, kwa hiyo pengo lile halikukaa wazi. Tena usugu haurithiwi tu kutoka kwa mzazi. Bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake aliye hai kipande cha vinasaba chenye siri ya kushinda dawa tatu au nne kwa pamoja, kama jirani anavyopitisha ufunguo juu ya ukuta. Ndivyo mtu anavyomeza sipro na akaja kukuta kotrimoksazoli nayo haifanyi kazi. Kutoka njia ya haja kubwa hadi mrija wa mkojo wa mwanamke ni karibu, na mrija wenyewe una urefu wa sentimita nne hivi tu. Bakteria waliobaki utumboni wanavuka, na unasema ugonjwa ule ule umerudi.

Wala haya si yako peke yako. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, kwetu ukihusisha Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya, uliotesha mikojo ya maelfu ya watu wenye dalili za UTI. Takriban theluthi moja tu ndio waliokutwa na bakteria. Na miongoni mwa hao waliokutwa nao, karibu nusu walikuwa na bakteria sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi. Ninapousoma utafiti huo huwa nawafikiria wale theluthi mbili. Wana maumivu ya kweli, lakini chanzo kinaweza kuwa fangasi, ugonjwa wa zinaa, au kitu kingine, na wengi wao huondoka na antibayotiki isiyowasaidia kitu. Mtu ana homa, anapimwa haraka haraka, anaambiwa malaria, UTI na taifodi, anarudi na mfuko wa dawa. Kipimo cha mkojo cha dakika chache kinaweza kuonyesha dalili za uvimbe au usaha, na usaha huo unaweza kutoka ukeni mkojo ulipochukuliwa vibaya. Hakiwezi kusema UTI imeingia kwenye damu. Hilo lilikuwa neno la kukutisha bila ushahidi.

Siku ukitakiwa tena kutoa mkojo wa kuotesha, utoe kabla hujaanza antibayotiki yoyote. Jisafishe kwa maji, mkojo wa mwanzo uende chooni, wa katikati ndio uingie kwenye chupa ya maabara, na ifike maabara ndani ya saa mbili. Kwa joto letu la huku bakteria wanaendelea kuzaliana ndani ya chupa, na chupa iliyoshinda sokoni kutwa inatoa majibu ya uongo. Kama kituo ulichopo hakioteshi, ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni.

Lile kopo la Blue Band, mwanangu, lipeleke lote duka la dawa lenye mfamasia uwaombe wakuteketezee. Usimwage chooni wala ziwani, huko nako kuna bakteria. Mtoto akikohoa, usimpe amoksilini ya mwenzake. Kikohozi kingi cha mafua kinaletwa na virusi, na antibayotiki haivigusi. Inachofanya ni kuwafundisha usugu bakteria wa utumbo wa mtoto, nao wanahama ndani ya nyumba moja kwa mikono na choo mnachoshirikiana. Kijana wa dukani naye, sheria haimruhusu kutoa antibayotiki bila cheti, achilia mbali kukata nusu dozi kwa mkasi. Najua umaskini unavyombana mtu, sikulaumu hata kidogo. Siku hela haitoshi mwambie daktari waziwazi. Mara nyingi ipo dawa ya bei ndogo inayofaa, kama hiyo unayoiogopa sasa.

Kuhusu baba watoto, akirudi kutoka ziwani keti naye mkiwa wawili, mfungulie karatasi. E. coli si mdudu wa zinaa, ni mkazi wa utumbo wa kila mtu, hata wa kwake. Tendo la ndoa linaweza kumsukuma aingie kwenye mrija wa mkojo, na ndiyo maana tunawashauri wanawake wakojoe baada ya tendo, lakini hilo hutokea katika ndoa safi kabisa. Mume hatibiwi kwa sababu mke ana UTI. Kama yeye ana usaha, vidonda au mkojo unamchoma, au wewe una uchafu ukeni wenye harufu, hapo nendeni wote wawili mpimwe magonjwa ya zinaa, kwa kuwa hayo yana vipimo vyake na dawa zake. Akishindwa kuniamini mimi, aende nawe kwa daktari aliyeandika karatasi.

Mama mkwe umshukuru kwa kukuhurumia, lakini mizizi usiinywe. Hakuna anayejua kiasi chake wala inavyopatana na dawa, na kama una mimba hatari ni kubwa zaidi. Hali kadhalika wale wanaotangaza kwenye simu dawa ya UTI sugu ya kumaliza kabisa. Hawajaona karatasi yako.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliandika, nami nadhani nalijua. Wanawake wengi wa sokoni hawanywi maji kutwa kwa sababu hawataki kwenda choo cha soko. Kichafu, foleni, kinalipiwa, na bidhaa hakuna wa kumwachia. Wanabana kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mkojo uliokaa muda mrefu kibofuni unawapa bakteria nafasi ya kuzaliana, ilhali mkojo unaotoka mara kwa mara unawasukuma nje. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti wa wanawake waliokuwa wakipata UTI mara kwa mara na kunywa maji kidogo. Nusu yao waliambiwa waongeze lita moja na nusu kwa siku. Kwa mwaka mzima mara walizougua zilipungua hadi karibu nusu ya zile za wenzao. Hiyo ni chupa moja kubwa ya maji, uje nayo kutoka nyumbani, uwe umeimaliza kabla ya kufunga meza. Patana na jirani yako wa meza mlindiane bidhaa, mmoja aende chooni mwingine abaki. Na hili la choo mlipeleke kwa uongozi wa soko mkiwa wengi, mnalipa ushuru kila siku. Chooni jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, na usijioshe ukeni kwa sabuni wala dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa inaua bakteria wazuri wanaokulinda.

Dalili zikiisha baada ya dozi na huna mimba, usihangaike kupima mkojo tena ili kuona kama wameisha. Watu wengi wana bakteria kwenye mkojo wasiowadhuru, na kuwatibu hao ni kuongeza R nyingine kwenye karatasi.

Lakini ukipata homa, ukatetemeka, ukatapika, au ukasikia maumivu ubavuni chini ya mbavu, hapo huenda ugonjwa umefika kwenye figo. Nitrofurantoini haifiki ndani ya figo kwa kiasi cha kutosha, na usingoje kumaliza siku tano. Nenda hospitali, hata kama ni usiku, na karatasi hiyo uwe nayo mkononi. Mpe daktari wa zamu aisome kabla hajaandika dawa yoyote, aione ile R ya seftriaksoni asije akaanza nayo.